Mahali pa Kutua Mzigo

Binti yangu anayeishi Uingereza aliniandikia mwaka jana kwamba yeye, mumewe na watoto wao wawili watakuja likizo mwezi wa Julai, na kwamba safari hii hawataki hoteli. Huko waliko wamezoea kwenda likizo na karavani, yaani kijumba chenye magurudumu kinachokokotwa na gari, ndani yake mna vitanda, jiko na hata sinki la kuoshea vyombo. Hapa kwetu karavani hawakuipata, lakini walikuwa wamepata Dar es Salaam gari la kukodi lenye hema juu ya paa. "Shikamoo Baba," aliandika. "Wewe umekaa Morogoro zaidi ya miaka hamsini. Tuchagulie mahali patatu au panne, patulivu, penye mandhari nzuri, pasipo kelele za baa."

Nilidhani kazi hiyo ni ya jioni moja. Nilichukua karatasi, nikaandika namba moja mpaka nne, kisha nikakaa na karatasi ile wiki mbili.

Kilichonikwamisha kwanza ni lile neno lenyewe, maana mwalimu hata akistaafu haachi kupekua maneno. Karavani ni neno la Kiajemi, nalo maana yake ni msafara: watu na wanyama wao wanaokwenda pamoja njia ndefu kwa usalama. Waingereza walilichukua, wakalipachika kwenye kijumba cha likizo. Basi mtu anapomwomba mzee wa Morogoro amchagulie mahali pa kupumzikia karavani, anauliza swali ambalo watu wameuliza katika nchi hii kwa karne nzima ya kumi na tisa, na wengi wao walikuwa na mzigo kichwani au begani. Mimi mwenyewe ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilifika huku mwaka 1970 kusomea ualimu Kigurunyembe, nikapangiwa kazi, nikaoa Mluguru wa Matombo, na sikurudi tena kwetu ila kwa mazishi na harusi. Lakini kabla yangu watu wa kwetu walikwisha pita hapa maelfu kwa maelfu, na wao hawakuja kwa basi.

Msomaji anajua habari za njia ile ya Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji, karibu kilomita 1,200 kwa ujumla. Kijana wa Kinyamwezi wakati ule hakuhesabiwa mtu mzima barabara mpaka awe amekwenda pwani na kurudi. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushei, za pembe wakati wa kwenda pwani, na za nguo, shanga au waya wakati wa kurudi. Mbele alikwenda kirangozi na bendera yake, nyuma ngoma na pembe zikilia. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi miwili au mitatu mambo yakienda vizuri. Maneno kadha tunayotumia leo yalizoeleka katika njia ile. Posho ilikuwa ile nguo aliyopewa mpagazi akanunulie chakula njiani. Hongo ilikuwa ushuru halali alioutoza mtawala wa nchi kwa msafara unaopita kwake, na hakuna aliyeona haya kuudai wala kuulipa. Jinsi neno hilo lilivyoshuka hadhi mpaka likawa jina la rushwa ni habari nyingine, ingawa nakiri kwamba nikisimamishwa barabarani huwa nawakumbuka wale wa zamani.

Kila alasiri kirangozi alikuwa na uamuzi mmoja wa kufanya: walale wapi. Mandhari haikuwamo katika hesabu yake. Aliangalia maji, kwamba yapo na yanatosha watu mia mbili au mia tano. Aliangalia kama kuna kijiji karibu cha kununua nafaka, lakini kisiwe karibu mno, vijana wakaanza ugomvi wa pombe na wanawake. Aliangalia kuni, miiba ya kuzungushia boma, na njia ya kukimbilia. Pengine walikuta vibanda vya nyasi walivyoviacha waliotangulia, wakafurahi kwa kupunguziwa kazi. Usiku wakagundua kwamba waliotangulia waliacha na kupe wao.

Kwa upande wetu huu wa Morogoro makambi makubwa yalikuwa mawili, kila moja kwenye njia yake, na yote mawili yana fundisho kwa mwenye gari la hema.

La kwanza ni Zungomero, kusini ya milima, kwenye mto Mgeta, karibu na Kisaki ya leo. Njia ya kusini ilipita hapo. Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857 kutafuta maziwa ya bara, walifika Zungomero mwishoni mwa Julai wakiwa hoi kwa homa, wakakaa wiki mbili hivi. Ukisimama pande hizo asubuhi ya Julai, ukaiona Uluguru imejipanga kaskazini, buluu juu ya buluu, ukungu umeishika kiunoni, utasema hakuna mahali pazuri zaidi pa kusimamishia karavani. Burton aliiona milima hiyo na kuisifia uzuri wake. Lakini Zungomero yenyewe aliiandika kama shimo la maradhi: tope, joto, vibanda vilivyosongamana, na misafara iliyokula nchi mpaka wenyeji wakahama. Pale palikuwa pazuri kwa macho, na watu walikufa pale pale. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kwa sababu nitakayoieleza mbele sikuweza kamwe kuisoma kama msafiri.

La pili ni Simbamwenni, kwenye njia ya kaskazini, na huo ndio mji uliotangulia Morogoro hii yetu. Aliujenga Kisabengo, mtu wa vita ambaye aliwateka watu na kuwakusanya chini ya mlima, akazungushia mji ukuta na minara. Henry Stanley, alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, akafika Simbamwenni mwezi uliofuata. Kisabengo alikwisha kufa na mji ulikuwa mikononi mwa binti yake. Stanley alistaajabu. Aliona mji wa maelfu ya watu, mto Ngerengere ukipita kando, milima nyuma yake, ardhi nyeusi yenye rutuba. Wajumbe wa malkia walikuja kudai hongo. Yeye akapiga kambi yake nje ya mji kando ya mto, mvua za masika zikimnyeshea mfululizo, na alipoendelea magharibi alikuta bonde la Mkata limegeuka ziwa, watu na punda wakienda ndani ya maji na matope siku baada ya siku.

Mwaka uliofuata alirudi kwa njia ile ile. Katika Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilikuwa kimeipiga Zanzibar na pwani, na mvua zake zilifika bara. Ngerengere ulifurika. Stanley aliukuta ukuta wa mbele wa Simbamwenni umesombwa pamoja na nyumba nyingi, na vijiji vya bondeni vimefagiliwa na watu wake. Mji ule wenye ukuta na minara ya kuzuia maadui haukuwekewa chochote cha kuuzuia mto uliokuwa ukiwanywesha maji kila siku.

Hapa naomba msomaji anivumilie nitoke kidogo katika historia ya wakubwa.

Mwaka 1983, nikiwa mwalimu wa darasa la saba katika shule moja chini ya mlima, niliwachukua wavulana kumi na wanane kwenda kulala nje usiku mmoja. Nia yangu ilikuwa njema. Nilitaka waijue jiografia kwa miguu. Nilikuwa nimepachagua mahali siku mbili kabla, na nilijivunia uchaguzi wangu: ukingo wa mchanga mweupe kwenye kona ya kijito, tambarare kama sakafu, mikuyu pande mbili, maji yakipita juu ya mawe kwa sauti ya kubembeleza. Ilikuwa mwezi wa Novemba, vuli imeanza kidogo tu. Jioni alipita mzee mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akatuamkia, akatazama hema zetu mbili za kuazima, akasema, "Mwalimu, hapo mmelala kwa mwenyewe." Nilidhani anadai shamba ni la mtu. Nikamjibu kwa adabu kwamba tutaondoka asubuhi na hatutaharibu kitu. Alisimama kidogo kana kwamba angeongeza neno, kisha akaenda zake. Mwenyewe aliyemtaja ni mto.

Usiku anga juu yetu ilikuwa na nyota. Mvua ilinyesha huko juu mlimani, tusikokuona wala kukusikia. Kama saa nane hivi ile sauti ya kubembeleza ikabadilika, ikawa kama lori linalopanda mlima. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka wavulana wakipanda ukingo kwa mikono na magoti gizani, na mimi nikihesabu vichwa, nikifika kumi na saba, nikianza upya. Wa kumi na nane alikuwa amebanwa mguu kati ya gogo na jiwe. Tulimtoa akiwa hai. Masufuria, mablanketi na hema za watu vilikwenda na maji, na mguu wa mtoto yule haukuunga sawasawa mpaka leo.

Mtu huyo sasa ni mzee wa makamo mwenye wajukuu. Tukikutana mjini hunipa shikamoo yake kamili, hunibebea kikapu hadi kituoni, naye akichechemea. Hajawahi kunitajia usiku ule. Nami miaka yote hii sijapata namna ya kuuanza.

Ndiyo sababu karatasi ya binti yangu ilikaa wiki mbili.

Jibu rahisi lilikuwa kuwapeleka juu, na huko ndiko kila mtu angeniambia niwapeleke. Wajerumani, baada ya reli kufika Morogoro mwaka 1907, hawakukawia kuona kwamba joto la mjini linakimbilika kwa mwendo wa saa chache tu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikwisha jenga nyumba ya mawe mlimani juu ya mji, ambayo leo inaitwa Morningside, jina la Kiingereza kwa nyumba ya Kijerumani katika nchi ya Waluguru. Mtu akisimama pale akitazama chini, mji mzima na mbuga ya kaskazini vimo mbele yake kama ramani ukutani. Nimewapandisha wanafunzi huko mara nyingi, hata baada ya 1983, na sijutii. Juu zaidi kuna Bondwa na Lupanga, ambacho kinapita mita 2,100, na msitu ambao tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia. Wataalamu wa ndege hutoka ng'ambo kuja kutafuta ndege mmoja asiyeonekana mahali pengine popote duniani ila Uluguru. Naye haonekani kwa urahisi. Wengi hurudi wamemsikia tu.

Lakini utulivu ule wa mlimani una historia yake. Waluguru ni watu wa mlima kwa jina lao lenyewe, na koo zao nyingi zina masimulizi ya kutoka kwingine na kupanda. Wakati wa Kisabengo na biashara ya watumwa, mlima ulikuwa ngome. Mahali palipo pagumu kufikika ndipo mtoto hakutekwa. Kwa hiyo mgeni anaposifu jinsi vijiji vile vilivyojificha vizuri kwenye mikunjo ya milima, asidhani vilijificha kwa ajili ya picha. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliona mlima unamomonyoka, nayo haikukosea katika hilo, ikaanzisha mpango wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Mkwe wangu, Mungu amrehemu, alichimba. Alisema walipomaliza tuta, udongo mzuri ulikuwa umefukiwa chini na udongo mbaya umewekwa juu, mahindi yakatoka manjano, na aliyekataa kuchimba alitozwa faini. Mwaka 1955 mambo yalilipuka hapo Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na mpango ukafa. Katika baadhi ya miteremko ukitazama jioni, jua likiwa chini, bado utaona mistari ya matuta yale kwenye majani. Wageni huipiga picha. Inapendeza kweli.

Sasa nije kwa Kisaki.

Babu yangu mzaa baba na mdogo wake walichukuliwa na Wajerumani huko Unyamwezi katika Vita Kuu ya Kwanza kuwa wapagazi. Majeshi ya Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Wajerumani walikuwa wameshaanza kurudi nyuma kwa kuizunguka milima, wakielekea kusini. Mapema Septemba wakapigana Kisaki. Babu na mdogo wake walikuwa katika msururu huo, wamebeba masanduku ambayo babu hakujua yana nini ndani. Kisaki mdogo wake akashikwa na kuhara damu. Kwa mpagazi asiyeweza kubeba hapakuwa na machela wala mganga. Babu alimwacha chini ya mti karibu na maji, akiwa na kibuyu na nusu ya posho ya babu, kwa sababu aliyebaki nyuma bila ruhusa alipigwa. Siku mbili baadaye babu alitoroka, akarudi kumtafuta, akakuta pale chini ya mti hapana mtu. Akatembea mpaka nyumbani. Masika yaliyofuata yalikuwa makali mno, na katika mabonde yale ya Mgeta na Rufiji watu na wanyama walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Katika vita ile wapagazi waliokufa, wa pande zote, ni makumi elfu.

Si mbali na hapo, Beho Beho, aliuawa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake lipo mahali alipoangukia, lina kibao, na mbuga nzima ilipewa jina lake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya mbuga hiyo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Simwonei mtu wivu wa kaburi. Selous alikuwa na umri wa miaka 65 na alikufa kiaskari. Ila nilipokuwa mtoto babu aliniuliza mara moja, baada ya kujua kwamba nasoma, kama vitabuni wameandika wale wengine wamelala wapi.

Nimeishi Morogoro zaidi ya miaka hamsini na nilikuwa sijafika Kisaki. Nauli ilikuwepo, na tangu Reli ya Uhuru ifunguliwe miaka ya 1970 treni inasimama pale pale. Kila mara nilipata sababu.

Mwisho nilimwandikia binti yangu hivi. Namba moja: Morningside, mwende kwa miguu, gari mliache chini. Namba mbili: Mgeta, kwa sababu ya baridi, kabichi na watu wanaopenda mazungumzo. Namba tatu: Matombo, kwa kina mama yako, kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo huko hutahitaji kuomba ruhusa ya kusimamisha gari, bali utapangiwa. Namba nne: Kisaki, kama utakubali niende nanyi. Chini yake nikaandika kwa wino mwekundu, kama nilivyozoea: mahali pa kulala nitachagua mimi.

Walikuja. Yaliyotokea Matombo nitayaruka, maana shemeji zangu ni watani pia, na mkwe wa Kizungu alifanyiwa utani wa siku mbili bila kujua nusu yake. Tulifika Kisaki alasiri. Palikuwa na uwanda mzuri kando ya mto, kivuli kizuri, mchanga safi, na mkwe wangu alikwisha anza kurudisha gari nyuma ili aliweke vizuri. Nikamwambia hapana. Nikamtafuta mwenyeji, mzee wa rika langu, nikamwuliza mvua ikinyesha mlimani maji hufika wapi. Alicheka akasema huu ni Julai. Nikamwambia najua ni Julai. Akatupeleka juu, kwenye kilima kidogo chenye miiba na mawe, ambako hapakuwa na kivuli cha kutosha hata kuku. Wajukuu walinuna. Lakini jua lilipokwenda chini Uluguru ikasimama yote mbele yetu, na wakaacha kununa, wakaanza kuhesabu vilele.

Usiku niliwasimulia habari za babu na mdogo wake. Mkubwa wa wajukuu, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliuliza ulikuwa mti gani. Nikamwambia babu alisema mkuyu, na mikuyu hapo chini mtoni iko mingi. Asubuhi, kabla wengine hawajaamka, nilimkuta ameshuka nusu ya kilima, amesimama anaitazama. Akaniuliza yule mtu aliitwa nani. Nilimtajia. Kiswahili chake si kizuri na Kinyamwezi hana kabisa, kwa hiyo ilibidi nilitaje mara ya pili, polepole, na yeye akalirudia mpaka likatoka sawa.